Bila Hodi

Kazi yangu haina jina zuri.
Kwenye mkataba wameandika "uhakiki wa waombaji."
Mama yangu, Genowefa, huiita umbea wenye mshahara.

Saa tatu asubuhi, Toruń, ghorofa ya nne.
Theluji inayeyuka kwenye viatu vyangu chini ya meza.
Nafungua faili: Ireneusz Wrona,
miaka arobaini na mmoja, dereva,
anaomba kuendesha gari la wagonjwa, zamu ya usiku.
Barua fupi. Leseni safi.
Neno moja amelikosea, akalikata kwa kalamu
badala ya kuanza karatasi mpya.

Kisha naingia kwake.
Sikubisha. Huko hakuna mlango wa kugonga,
hakuna wa kuniambia karibu,
au ngoja kwanza nivae.
Namkuta sebuleni na fulana iliyotoboka kwapani,
namkuta jikoni na soseji zilizoungua,
namkuta 2014, mwembamba, ana mke;
namkuta 2016, hana.
Mbwa wake anaitwa Groszek. Anaogopa fataki.
Yote haya kabla chai yangu haijapoa.

Halafu ile picha.
Makaburini, mwezi wa kumi na moja, mishumaa kila upande,
chupa ya vodka mkononi, macho mekundu.
Maneno mawili chini yake: "Kama kawaida."

Bwana Kulesza, bosi, akapita nyuma ya kiti changu,
akaona chupa.
"Huyo? Na gari la wagonjwa?"
Akacheka kidogo, akaenda mkutanoni.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Yeye alitazama moja.
Mimi nilishuka: mwaka uliotangulia, makaburi yaleyale,
chupa ya aina ileile; na mwingine; na mwingine.
Ya sita ilipigwa na mtu mwingine, kwa mbali:
Ireneusz ameinama, anaimimina yote juu ya udongo.
Kwenye jiwe, Wrona.
Miaka kumi na tisa tu, huyo wa chini.
Kaka mtu hakuonja hata tone.

Kutoka mezani kwangu hadi mlango wa mkutano
ni hatua kumi na nne. Nimezihesabu, baadaye.
Siku ile nilikuwa na mafaili mengine kumi na moja.
Niliandika: "Haendani na mahitaji,"
nikapasha chai moto.

Machi, Jumamosi, nje ya duka la mikate,
mbwa mdogo amefungwa kwenye nguzo.
Lori likapasua gurudumu, paa!
akajikunja, akalia kama mtoto,
na mdomo ukanitangulia:
"Groszek. Tulia, Groszek. Tulia."

Akatulia.
Mlangoni, mwanamume mwenye mkate kwapani
alikuwa amesimama ananitazama.
"Tunafahamiana?"

Alikuwa akinitafuta kichwani mwake, kwa adabu,
akifungua droo moja, akifunga, akifungua nyingine,
na mimi simo.
Nikasema, "Samahani, nimefananisha."
"Umemfananisha mbwa?"
"Ndiyo. Mbwa."

Akacheka, akaamua kuniamini.
Kisha akausukuma mlango kwa kiwiko,
akaushikilia, harufu ya tangawizi ikatoka,
akaniambia,
"Karibu. Pita."