Deni la Konde

Polo saba za muhogo zimepakiwa alfajiri,
Wete, kisha meli ya Unguja.
Dalali kapima, kalipa, kaandika jina langu kombo:
Time Faki, akasahau Hamadi.
Na udongo uliomo ndani ya muhogo
hakuuandika kabisa.

Mpwa wangu Sharifu, bwana shamba,
alichota pembe nne za konde akatia kikopo,
akarudi na karatasi baada ya miezi miwili:
naitrojeni haba, fosforasi haba, potashi taabani.
Kasoma kama hakimu.
Nikamwambia, hiyo hati ya deni, mwanangu,
mie niliisoma zamani kwenye majani ya chini,
yale makuukuu, yalivyopiga manjano
yakijinyima ili machanga yale.

Basi nalipa, kidogo kidogo.
Maganda nampa mbuzi,
naye hunirejeshea usiku, bila risiti.
Majivu. Makumbi yaliyooza.
Kunde nazipenyeza kati ya matuta, si kwa ajili ya chungu tu:
ng'oa mche, pasua kinundu cha mzizi kwa ukucha,
ndani chekundu kama ufizi wa mtoto mchanga.
Humo hewa hufungwa ikawa chakula.
Nani aliyevifunza vidudu visivyoonekana
kuvuna upepo?

Masika hunidhulumu.
Maji hushuka mteremko na rangi ya konde langu,
mto mzima chai ya maziwa, hadi mikokoni.
Silii.
Kaa hula tope. Changu humla kaa.
Jumamosi nanunua changu mmoja Tumbe,
nyama twala,
kichwa na miba nafukia kwenye shina la mgomba.
Konde lilikwenda pwani kwa miguu,
limerudi kikapuni.

Shina hilo ndilo lililozikiwa kitovu changu.
Si mgomba ule, ule ulikatwa,
huu kilembwe chake, mzizi mmoja.
Ulinila kabla sijaula,
hatujawahi kudaiana.

Ila zile polo saba.
Nasikia mjini maganda hutupwa jaani,
yanavimba juani na mifuko na chupa,
kunguru ndiye mrithi.
Sharifu anaaga, mguu juu ya pikipiki:
Mama mdogo, mbolea ya dukani utanunua lini?
Nikamwambia, nitanunua.
Lakini wewe uliyesoma, niandikie kwanza barua,
na unitafutie anwani
ya waliokula konde langu.