Mwili Mpya

Mafundi wanauita mwili:
kamera iliyovuliwa lenzi, tundu wazi mbele
kama uso uliong'olewa jicho.
Nugzari alileta wake wa zamani mezani,
akauweka juu ya gazeti, kati ya jibini na mkate,
akasema, Lamara, huu umekwisha.
Pazia lake la chuma limefunguka na kufungwa
mara laki tatu na elfu kumi na mbili.
Nikamwuliza, alikuwa akihesabu nani?
Akasema: wenyewe.

Mimi ndiye mwenye daftari la nyumba hii.
Harusi za Kutaisi nazijua kwa tarakimu:
nani alilipa, nani alilipa kwa divai,
nani wameshaachana na bado tunawadai.
Nikavaa koti. Tukapanda basi hadi Tbilisi,
saa nne za mvua na vioo vya ukungu,
yeye amempakata mzee wake ndani ya taulo.

Muuzaji, kijana aitwaye Gocha, kucha safi kuliko zangu,
akautoa ule mpya kwenye sanduku.
Mdogo. Mwepesi. Nikaupima kwa mkono:
bei ya ng'ombe, uzito wa kuku aliyenyonyolewa.
Kisha wakaja jamaa zake,
maana mwili hauhamii nyumba peke yake:
betri ya pili, kwa kuwa ya kwanza huisha upesi;
betri ya tatu, kwa kuwa karamu zetu haziishi;
kadi mbili za kumbukumbu, moja ikisahau nyingine ikumbuke
(hapo nikanyamaza, hata ndoa ingefaa hivyo);
kioo cha kulinda kioo;
na pete nyeusi ya chuma, nene kama kidole,
ili lenzi zetu kuukuu zikubali kuolewa na shingo ngeni.
Mkoba je? Nikasema mkoba hapana.
Mkanda, wenye jina la kampuni kwa uzi mwekundu?
Nugzari akaugusa, akaurudisha.
Akafungua ule wa zamani, uliolainishwa na jasho la Agosti nyingi,
akaufunga kwenye masikio ya mgeni.

Mzee tulimwacha pale.
Walimthamini betri moja na nusu.
Nugzari hakugeuka nyuma. Niligeuka mimi.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Jumapili, kanisani, mishumaa ikidondoka,
Padri Ilarioni, aliyezoea kututupia jicho
kwa kila kacha! katikati ya sala,
alisali hadi mwisho akiitafuta kero yake asiione.
Mwili mpya hausemi. Hata haupumui.

Lakini nje, kwenye ngazi,
bibi harusi na ukoo mzima walisimama,
kifua mbele, meno nje,
wakasubiri.
Wakasubiri.
Babu wa bwana harusi akaanza kutetemeka goti.
Umeshapiga?
Nimepiga kumi na nne.
Lini?
Wakacheka, wakajipanga upya, wakaganda tena.
Nami pembeni, na betri mbili zikipoa mfukoni,
nikaikumbuka ile kacha tuliyoiacha kwenye kaunta,
iliyokuwa ikiwaambia watu: basi, pumueni,
rudini kuwa ninyi.

Upo mlio wa bandia, ukurasa wa saba wa menyu.
Aliujaribu mara moja, akauzima.
Alisema unalia kama mende anayekanyagwa kwa adabu.

Sasa Nugzari hupiga kwa mdomo.
Mtu wa miaka hamsini na nane, mvi hadi nyusi,
maelfu ya lari mbele ya uso wake,
na ulimi kwenye kaakaa: kacha.
Watoto humwiga hadi kwenye keki.
Mabega hushuka. Babu huketi.

Nimeandika daftarini, chini ya pete na betri,
katika safu ya vifaa vya ziada:
ulimi, mmoja.
Haujalipiwa.