Mfuko wa Ndani

Ambakisye kanitumia kutoka Dodoma,
kwa basi la usiku, ndani ya kopo la karanga,
kibao cha kusomea: chembamba
kama sabuni ya siku mbili kabla ya mshahara,
na ndani yake vitabu mia tatu na vinne
visivyo na mgongo, visivyo na harufu.
"Kishonee nguo," kaandika. "Kioo chake hakisamehe."

Amesahau kwetu. Amesahau Tukuyu,
ambako neno ni moja kwa vitu viwili:
ukungu unaoshuka kutoka Rungwe saa kumi jioni,
ukapiga hodi dirishani na kuingia bila kujibiwa,
na ukungu unaobaki,
wa kijani, wa unga,
juu ya kurasa za sanduku la baba.

Nililifungua mwaka mmoja baada ya msiba.
Jiografia ilikuwa imeota.
Hesabu ya darasa la sita imeshikana kama chapati za jana.
Tulizika mara ya pili, nyuma ya migomba.
Majalada niliyabakiza, sikujua ya nini.
Mtu hubakiza.

Leo jalada la Jiografia nimelikata kwa kisu cha ndizi,
vipande viwili, kimo cha kibao na unene wa kidole.
Hiyo mifupa. Nyama nimeitafuta nyumba nzima:
kitenge hapana, chateleza;
blanketi la hospitali hapana, lina mhuri wa serikali.
Halafu koti.

Koti la sufu la baba, la mtumba, la kahawia,
kola imeliwa na shingo yake mwenyewe.
Alilivaa Juni, alilivaa Julai,
Januari alilivaa kwa ukaidi,
akipanda kilima na chaki zake.
Nimelilaza mezani kama mgonjwa
(mimi muuguzi, mkono wangu unajua sindano,
ila si hii).
Nikatia mkasi begani, nikautoa.
Nikatia mgongoni, nikautoa.
Tumpe akasema: Mama, kama unakata, kata.

Ndipo mkono ukapotelea mfuko wa ndani,
upande wa moyo,
alimokuwa akiweka kitabu kimoja, kimoja tu kwa siku,
kikimbilie mvua kifuani pake.
Nikachukua kibao, nikakitumbukiza,
mzaha tu.

Kikaingia.
Kikaingia kama mtoto anayejua kitanda chake,
juu kikabakiza upana wa kucha.

Chini, pembeni kabisa: vumbi la chaki,
na punje ya mchele wa Kyela, ngumu kama jino.

Basi mfuko sikushona. Nimeufumua tu
pale alipoushona mtu nisiyemjua, Ulaya,
kwa uzi mweusi uliokuwa bado mbishi.
Jiografia ikaingia kati ya bitana na sufu.
Nikapiga bandi kwenda, nikapiga bandi kurudi,
nikajichoma mara tatu, ya tatu nikatukana
Kinyakyusa. Tumpe akacheka hadi akakaa chini.
Kifungo ni cha koti hilohilo. Tundu limekuwa kubwa,
kinajifungua chenyewe kama mlango wetu wa jikoni.
Pembe moja imekwenda upande. Iende.

Mama Lusajo, jirani, akauliza kama ni Biblia.
Nikasema sijui bado, vimo vingi.
Akakinusa kabla ya kukifungua.
"Kinanuka mwalimu," akasema,
akakirudisha upesi mkononi mwangu:
darasa la nne, fimbo sita, hajasahau.

Usiku wa zamu umeme umekatika, wodi ya wazazi,
mvua inatwanga bati, wote wawili wamelala,
aliyezaa na aliyezaliwa.
Nafungua kitabu cha kwanza.

Koti nimelirudisha msumarini.
Kwa nje halijapungua kitu.