Kiti Kisicho na Mikono

Mwezi wa Machi nilisimama mara saba.
Nusu dakika, kiti cha jikoni,
mikono nimeifumbata kifuani,
na Mize, binti wa kaka yangu, na saa yake ya hospitali,
akihesabu kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani.
Saba, shangazi. Kwa umri wako
chini ya kumi na mbili tunaingia wasiwasi.

Mimi! Miaka thelathini na minne nasomesha hesabu
hapa hapa Wete, skuli ya Limbani.
Saba, nilikuwa naizungushia duara
na kuandika kwa wino mwekundu: Jitahidi.

Nikamwambia, sipokei jibu bila njia.
Onyesha njia.

Akaonyesha. Msuli usioitwa kazini
mwili huuona gharama, ukaubomoa.
Uupe mzigo, uulishe, uulaze usingizi,
kesho uuongezee mzigo kidogo.
Ni hayo tu? Ni hayo tu, shangazi,
ila kwa miezi.

Dukani kwa Bakar Mshindo liko kopo jeusi,
na picha ya kijana mwenye tumbo kama trei ya mayai.
Bakar akasema, hili lilimsaidia shemeji yangu.
Nikamuuliza: wangapi walilitumia?
Wangapi hawakulitumia, nao wakawaje?
Aliyewapima anauza nini?
Bakar akalipangusa kopo vumbi,
akaniuliza kama nataka vocha.

Bei ya kopo lile ni trei nne za mayai,
na chenji inabaki ya choroko.
Nilipiga hesabu mara mbili.

Wali sikuacha.
Atakaye niuache wali wa nazi
na alete karatasi yenye muhuri.
Ila sasa naanza na samaki, wali unafuata,
na chai ya vijiko vinne imekuwa ya viwili,
kisha kimoja, kisha siku moja nikasahau sukari
nikanywa mpaka nusu ndipo nikajua.

Mama yetu alianguka chooni, mvua za Masika. Nyonga.
Tulifukiza ubani, tukasema ni jicho la watu.
Dua siikatai hata leo.
Lakini miaka mitano kabla yake
alikuwa akijivuta kwa kitasa cha mlango ili ainuke,
nasi wanawe, tulivyompenda,
tukamnunulia kitasa kikubwa zaidi.

Kwa hiyo: dumu la lita tano, mchanga ndani.
Kila Jumapili naongeza kikombe kimoja.
Nalikumbatia, nakaa, nasimama, nakaa.
Watoto wa jirani wanachungulia uani:
Mwalimu anagombana na kiti!
Asubuhi nyingine hamu haipo kabisa.
Sikungoja hamu. Chungu cha maharage kikiingia jikoni
ndiyo kengele yangu.

Daftari langu lina kurasa kumi na moja tupu.
Ni Ramadhani, na mafua yaliyoifuata.
Mkono uliniwasha kuzijaza;
nani angejua? Mfunguo Mosi nikapima upya:
nilikuwa tisa, nimerudi nane.
Nikaandika nane.

Juzi hitimani, mkekani, nikainuka
bila kushika sakafu wala bega la mtu.
Hakuna aliyeona. Walikuwa wakipitisha halua.

Mayai huniletea Kombo Hija.
Alikuwa darasani kwangu, safu ya nyuma,
mtoto wa saba kila mtihani,
nami kila mtihani: Jitahidi. Jitahidi.
Njia sikumwonyesha.
Chenji yake haikosei hata senti.
Nimetaka kumwambia jambo, wiki ya tatu sasa,
naishia kumuuliza kuku hawajambo.

Jana: kumi na moja.
Mize akasema, bado moja, shangazi.
Najua kutoa, nikamwambia.
Shika saa.