Inauliza Tarehe

Ilishuka gatini imefungwa shuka la hospitali,
skrini upande huu, kasha upande ule,
punda wa Shekuwe katikati, akipepesa masikio.
Barazani Mkomani wakauliza: televisheni hiyo?
Kompyuta.
Ya mwaka gani?
Nikawaambia. Kahawa ikawapalia kwa kicheko.

Mnada ulikuwa wa chuo kikuu, kule bara:
viti vibovu kwa kilo, kompyuta kwa lundo.
Ubavuni bado ina rangi nyeupe ya brashi,
ISIMU, CHUMBA CHA 9, 0417,
na chini yake, kwa kalamu, mkono mwingine:
Usizime, nakuja. Nafula.

Niliifungua kwa bisibisi ya cherehani.
Ndani mlikuwa na mende mkavu, pini ya nywele,
na betri iliyotapika kijani juu ya bodi.
Siki, mswaki, subira. Siki tena.
Huku Lamu chumvi hula hata bawaba za msikiti,
itaachaje shaba nyembamba kama unywele?
Nikalehemu njia moja moja, moshi machoni.

Kasha lilikuwa manjano kama meno ya mla tambuu.
Nikalipaka dawa ya nywele ya Khairiya
(aliitafuta siku mbili, nami kimya)
nikaliweka juu ya paa jua la saa sita,
nikiligeuzageuza kama papa wa kuanikwa.
Kibodi sikuigusa. Herufi zote zasomeka ila A,
imelika, imebaki kibonye kitupu.
Kiswahili hakiendi hatua mbili bila A.

Usiku wa kwanza fyuzi ilikwenda,
na taa ya jirani ikaifuata.
Usiku wa tano ikalia mlio mmoja, mfupi,
na maandishi ya kijani yakapanda polepole.
Ilidhani ni Januari mosi, mwaka wa themanini.
Mimi sijazaliwa.
Ikauliza, kwa adabu ya karani: leo tarehe ngapi?
Nikaona haya kuiambia,
kama kumwamsha mgonjwa kwa habari za matanga.

Diski kumi na moja. Moja tu ilikubali kusomeka.
Nilitaraji tasnifu, ngeli zimepangwa safu,
labda sauti za wazee wa Siyu zilizonukuliwa.
Faili lilikuwa moja, mistari minne:

Kwa Msajili. Tunaomba feni ya chumba cha 9.
Mashine inapata joto, na sisi pia.
Hii ni barua ya sita.
Nafula, mpiga chapa.

Saa saba ya usiku. Pazia limesimama wima.
Khairiya akaita kutoka juu: zima hiyo, ulale.
Nakuja, nikasema.
Nikainuka, nikaishika feni shingo,
nikaigeuza ikaitazama mashine.
Jasho likaanza kunishuka mgongoni.