Bango la Kapya

Kapya alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne,
orodha ya anavyovitaka:
helikopta, moto, mwanamke analia, nyoka,
bosi mwenye miwani, treni, bunduki mbili,
na jina la ukumbi wake kubwa kuliko la filamu.
Ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati la marehemu shangazi yake.

Nikamwambia: Kapya, hili si bango,
ni soko la Njanja siku ya mshahara.

Filamu sikuwa nimeiona. Nilisimuliwa
usiku umeme ulipokatika, naye anakula bukari,
anaonyesha kwa mkono wenye mchuzi:
mtu anapanda treni ya Ilebo,
treni inafika, yeye hafiki.
Basi. Yaliyobaki ni kelele.

Mutonkole, aliyenishikisha brashi kule Katuba,
hakuwa na hekima, alikuwa na madeni.
Makopo mawili tu ndiyo aliyokopeshwa,
na kwa mawili hayo akanifundisha
kwamba nyekundu hufa mwezi wa nane,
vumbi la Lubumbashi huimeza kabla ya saa sita mchana;
weka buluu, buluu haina ndugu mtaani kwetu.
Alinivusha barabara, akanigeuza kwa mabega:
Tazama kama mtu wa pikipiki. Moja, mbili, umepita.
Umeona nini?
Ukiona vitu vitatu, futa viwili.
Na lile bomba la kiwanda usilichore kamwe,
kila mtu analiona bure.

Nikaupaka mlango buluu wote,
buluu ya sare ya shule iliyofuliwa mwaka mzima.
Chini, pembeni kushoto, benchi la stesheni.
Kwenye mguu wa benchi, kwa kamba, kuku.
Mweupe. Anatazama nje ya ubao,
upande tusiouona.
Hakuna mtu.
Jina la filamu nikaliweka juu, herufi nyembamba,
nikaliacha lipumue.

Kapya aliuzunguka ubao
kama aliyelipia mbuzi akaletewa kamba.
"Na helikopta?"
Imeshapita.
"Na huyu kuku ni wa nani?"
Sikujibu. Nilichotaka ni aulize.

Siku tatu watu walisimama pale.
Mke wa mlinzi alisema mwenye kuku ameenda chooni.
Fundi wa baiskeli akakataa: hakuna anayeacha kuku,
huyo ameuawa.
Jumamosi mabenchi yakajaa, wengine wakakalia ndoo.

Filamu ikaisha. Kimya.
Halafu sauti kutoka nyuma:
"Kuku iko wapi?"
Na ukumbi mzima ukaitika, kuku, kuku,
mpaka Kapya akaja kunigongea usiku ule ule
ananidai franga za watu kumi na wawili.

Kweli, kuku hakuwemo.
Nililala chali nikijiuliza kama nimedanganya,
na nilimtoa wapi.
Nilimtoa stesheni, nina miaka sita,
nimeambiwa: shika huyu kuku, narudi sasa hivi.

Sikumwambia Kapya. Angenidai na ya hilo.

Jumapili akatokea mama mmoja, Nakalenga, muuza vitumbua,
akasema mbele ya watu, bila kupepesa:
"Alikuwemo. Nyuma ya mlango, pale treni inapoondoka.
Ninyi mlikuwa mnatazama moshi."
Wiki hiyo walirudi, wakalipa tena,
macho yote kwenye mlango mmoja wa sekunde mbili,
na nusu yao wakaapa wamemwona.
Kapya akasahau deni. Akaniletea orodha nyingine,
fupi kidogo: nyoka tu, na helikopta.

Mvua za mwezi wa kumi zikapita.
Ule mlango sasa ni paa la banda kwa shemeji yake,
na chini yake wanalala kuku wa kweli.
Benchi limebanduka, kamba imebanduka,
jina la filamu halisomeki.
Yeye bado anatazama kule.