Mshale wa Katikati

Vitz ya kwanza ilikuwa namba A.
Ilitoka Dar nyeupe, lakini Nkuhungu haina subira na weupe:
kufika Agosti ilishakuwa rangi ya ukuta wetu,
rangi ya mbuzi, rangi ya mtama uliosahauliwa shambani.
Milango mitano, ukihesabu na ule wa nyuma,
na Baba aliuhesabu kila alipoulizwa.

Siti za nyuma zililala kifudifudi,
kreti sita za zabibu za Hombolo zikaingia,
ya saba nikaipakata mimi.
Juisi ilivuja hadi kwenye zulia.
Miaka tisa gari lile lilinuka divai
ya watu wasiokunywa.

Spidometa yake haikukaa mbele ya dereva.
Ilikaa katikati ya dashibodi, kama redio ya sebuleni,
mali ya wote waliomo.
Hapo nilijifunza kuhesabu kwa ishirini-ishirini
kabla mwalimu wa Chadulu hajafika kumi na moja.
Na Mama, mkoba mapajani, hakuangalia njia.
Aliangalia mshale.
"Themanini, Baba Ndahani."
"Tisini hiyo."
Baba alikohoa, gari likashuka.
Wenzake wamefungiwa redio, alisema Shangazi Yudita,
kaka yangu kafungiwa mke.

Ya pili, namba C, ilikuja mwaka wizara zilipohamia
na kila mwenye banda la uani akawa mwenye nyumba.
Ilikuwa imenenepa mashavu
kama karani aliyeonja posho ya safari.
Vijisanduku kila kona: cha chenji, cha miwani,
cha risiti za saruji ambazo Baba hakuzitupa.
Kwenye matuta ya Kizota ilikuwa laini zaidi,
ingawa kreti ziliingia tano tu;
sijui unene ule waliuweka wapi.
Mshale bado katikati.
Mama bado: "Sabini." "Sabini na tano."
Sasa alisema hata tulipotambaa,
hata nyuma ya ng'ombe wa Veyula.
"Ya mbele imesimama." "Bodaboda, kushoto kwako."
Sisi wa nyuma tulitazamana,
tukacheka bila sauti.

Ya tatu niliinunua mimi. Namba E,
pua imechongoka, waipa moja tu, kubwa,
inayofagia kioo chote peke yake.
Baba aliizunguka mara mbili, akapiga tairi teke.
"Nyingine wamemuuzia nani?"
Nikampa ufunguo. Heshima ya kwanza ni yake.

Tulifika njia panda ya Nala.
Mama alikuwa ameinamia katikati ya dashibodi,
pale palipobaki redio na matundu ya hewa.
Spidometa ilikuwa imehamia nyuma ya usukani,
kwa dereva, na kwa dereva peke yake.
"Ngapi?" Baba aliuliza.
Mama akajinyoosha, mkanda ukamrudisha.
"Sioni."
"Ngapi, Mama Ndahani?"
"Sioni, nimekwambia."
Arobaini na mbili. Mimi niliona, juu ya bega lake,
tarakimu kubwa kama vitasa.
Akawasha indiketa, akaegesha kando ya alizeti,
akazima, akaning'iniza ufunguo nyuma
bila kugeuka.

Fundi Chiteme, aliyefungua injini zote tatu,
anasema hii ndiyo bora: inakunywa kidogo, breki tamu,
"na Wajapani wamesahihisha lile kosa la katikati."
Simbishii.
Mvumi walisema mtoto wa jicho, macho yote mawili,
la kulia la miaka mingi.
Mingapi? niliuliza.
Mama alikuwa anakunja pindo la khanga,
anakunjua, anakunja.

Siku hizi Baba anakaa nyuma. Nafasi ya miguu anaisifu.
Mama yuko kushoto kwangu, bado anayainamia matundu,
hewa inampeperusha kitambaa.
Tukiipita Ihumwa, lami ikinyooka,
nasema kwa sauti, sijaulizwa:
"Sitini na tano."
"Punguza," anasema Mama.
Na nyuma:
"Kasema ngapi?"